Daraja lisituvushe tukaiacha historia

Mwezi Juni mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J. P. Magufuli, liunganishalo Kigongo na Busisi juu ya Ghuba ya Mwanza. Urefu wake ni kilometa 3 hivi. Kabla ya hapo, msafiri atokaye Shinyanga kwa njia ya Mwanza kwenda Geita alikuwa hana budi kusubiri kivuko, na siku za foleni ndefu alisubiri hata jua likazama. Leo huvuka kwa dakika chache tu. Wagonjwa wanawahi hospitali, na samaki wanafika sokoni wangali wabichi. Hakuna mwananchi mwenye kuitakia mema nchi yake asiyelifurahia jambo hilo.

Hata hivyo, kila hatua ya maendeleo huja na swali lake. Swali la daraja hili nililikuta katika nyumba moja ya wageni, kijijini, wilayani Geita, ambako nililala siku tatu nikiwa katika safari yangu ya kazi. Naona yafaa tulizungumze hapa, kwa kuwa linawahusu zaidi watumishi wa umma na walimu, ambao ndio wasomaji wakubwa wa ukurasa huu.

Nyumba hiyo ni ya mwalimu mstaafu. Alipolipwa kiinua mgongo chake hakukimbilia kununua gari, bali alijenga vyumba sita nyuma ya nyumba yake, akachimba kisima, akapanda miembe na mipapai. Mkewe ndiye msimamizi wa jiko, binti yao huandika wageni katika daftari, na kijana wao hufagia uwanja alfajiri kabla jogoo hajamaliza kuwika. Hakuna bango la taa wala zulia jekundu. Kuna chandarua kisicho na tundu, shuka zilizopigwa pasi ya mkaa, na ndoo ya maji ya moto mlangoni ifikapo saa kumi na mbili asubuhi. Chakula cha jioni kilikuwa ugali wa mtama, sato na mlenda. Asubuhi nililetewa matobolwa kwa maziwa ya mgando.

Katika nyumba hiyo yumo pia mama mzazi wa mwalimu, bibi wa umri wa zaidi ya miaka themanini. Jioni ya kwanza nilimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akaniuliza nimefikaje. Nilipomwambia kwamba nimepita darajani, alinyamaza kidogo, akasema: "Mume wangu alikwenda Mwanza kwa miguu. Mwaka ule wa baraza." Basi nikaweka kalamu chini, nikasikiliza.

Mwaka ule wa baraza ni mwaka 1958. Wako wengi miongoni mwetu tuliosoma hadi Chuo Kikuu ambao tunajua habari za Uamuzi wa Busara uliopitishwa na TANU mjini Tabora mwezi Januari mwaka huohuo, lakini habari za Geita hatukufundishwa, au tulifundishwa kwa mstari mmoja. Tukumbuke kwamba tangu mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikuwa imekizuia chama cha TANU kufanya kazi Usukumani. Matawi yalinyimwa uandikishaji, na zuio hilo halikuondolewa hadi mwaka 1958. Wakati huohuo wakulima na wafugaji walikuwa wakibanwa kwa sheria ndogo ndogo za kilimo, na kwa amri ya kupunguza mifugo yao. Juu ya hayo yote, Geita ikaletewa baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi mbalimbali, Waafrika, Wazungu na Waasia, katika wilaya ambayo takribani wakazi wake wote walikuwa Waafrika. Wananchi walitambua mara moja kwamba hicho hakikuwa kiti cha ugeni alichopewa jirani. Ilikuwa ni hila ya kuwapa wachache sauti isiyolingana na idadi yao.

Walikataa. Maelfu ya watu wa Geita walifunga safari hadi Mwanza kuyaeleza malalamiko yao kwa wakubwa wa serikali. Walitawanywa kwa mabomu ya machozi, na viongozi wao wakakamatwa. Lakini mkoloni alishindwa kuliendesha baraza lile, na mwishowe akaliacha. Watu wasiokuwa na bunduki hata moja waliivunja amri ya dola kwa kukataa tu, na kwa kutembea.

Bibi yule hakunieleza siasa. Alinieleza kwamba mumewe alibeba michembe katika kifuko cha ngozi. Kwamba wanawake walibaki wakipalilia mashamba ya wote walioondoka. Na kwamba aliporudi, macho yalikuwa mekundu na miguu imevimba, lakini alicheka kama bwana arusi. Haya hayamo katika kitabu chochote nilichosoma. Yamo kifuani mwa mtu mmoja, naye ameshapita miaka themanini.

Siku ya pili mwenyeji wangu alinionyesha kipande cha udongo uliounguzwa, chenye mabaki ya chuma, alichokiokota shambani. Hii nayo ni historia. Kabla mzungu yeyote hajachimba dhahabu Geita, Uzinza ilikuwa na wafua chuma wake mashuhuri, Warongo, ambao majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani, yakalima mashamba na yakatolewa mahari. Ukanda huu tunaouita wa dhahabu ulikuwa wa chuma kwanza, na chuma kile kilifuliwa, kikauzwa na kikatumiwa na wenyewe wenyeji.

Sasa nalirudia lile swali. Mwalimu aliniambia kwamba zamani wageni wake wengi walikuwa ni wale waliocheleweshwa na kivuko. Msafiri akivuka jioni, hakuona sababu ya kuendelea usiku. Daraja limeiondoa sababu hiyo, na mwalimu halilaumu daraja. "Mimi mwenyewe nimelipita mara nne bila ya kuwa na shughuli upande wa pili," alisema akicheka. Lakini vyumba vyake sita, ambavyo zamani vilijaa mara mbili kwa juma, sasa hupitisha juma zima na mgeni mmoja. Kama sababu ya kulala hapa haitakuwa tena maji ya ghuba, itakuwa nini?

Jibu langu ni kwamba itakuwa historia. Lakini historia haimleti mgeni kwa miguu yake yenyewe. Hapana budi tuamue kuipa thamani, na hapo ndipo penye udhaifu wetu.

Mwenyeji wangu alinisimulia kwamba siku moja watumishi watatu waliokuwa kazini walifika, wakavitazama vyumba, wakasifu usafi. Kisha mmoja akauliza kama kuna televisheni chumbani. Walipoambiwa kwamba iko moja, sebuleni, wakaondoka kwenda kulala mjini katika jengo la ghorofa. Sina haja ya kujua walikuwa wa idara gani, kwa maana wangeweza kuwa wa idara yoyote, nami pia ningeweza kuwa mmoja wao. Tunapokea posho ya safari, ambayo ni jasho la mkulima na la mchimbaji, kisha tunaipeleka mahali ambapo mkulima na mchimbaji hawafiki hata mlangoni.

Jambo hili si geni katika fikra za Chama chetu. Mwaka 1970, vijana wa TANU Youth League wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali magazetini kuhusu utalii na ujamaa, na hoja zake zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu mwaka 1973. Waliuliza kama ni sawa kutumia fedha za umma kujenga mahoteli makubwa ya kumfurahisha mgeni, ilhali mwananchi anabaki kuwa mbeba mizigo na mfua nguo. Hatuna haja ya kukubaliana nao kwa kila neno. Utalii umelipatia Taifa fedha nyingi za kigeni, na baada ya filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022 idadi ya watalii wa nje ilipita milioni 1.8 mwaka 2023. Lakini swali lao la msingi lingali hai: ni nani anayemkaribisha mgeni, na faida hubaki kwa nani? Katika nyumba ya mwalimu yule, shilingi ya mgeni hununua sato kwa mvuvi, mtama kwa jirani na mkaa kwa kijana wa kijiji. Haisafiri kwenda mbali kabla ya kulisha watu.

Wengine watasema kwamba Geita ina dhahabu, haihitaji vyumba sita vya mwalimu. Hao na waitazame historia ya dhahabu yenyewe. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulioanza kazi katika miaka ya 1930 ulifungwa mwaka 1966, na miaka zaidi ya 30 ikapita kabla ya mgodi mkubwa wa sasa kuanza uzalishaji mwaka 2000. Wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009 na uchimbaji wake ukakoma mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa siku ya ufunguzi alikuwa bado shule ya msingi siku ya kufungwa. Dhahabu ni zao lisilo na msimu wa pili. Historia, kinyume chake, huongezeka kadiri inavyosimuliwa, ilimradi apatikane wa kuisimulia.

Nakubali kwamba si kila nyumba ya familia inafaa kulala mgeni. Nimelala katika nyingine ambazo shuka zake zilikuwa na historia ndefu kuliko ya kijiji, na ambazo choo chake kilikuwa ni mtihani. Usafi, usalama na ukweli wa bei si anasa, na mwenye nyumba asiyevitimiza asijifiche nyuma ya neno uzalendo. Nakubali pia kwamba fedha ya umma yataka hesabu. Tangu mwaka 2023 manunuzi ya taasisi za serikali yanapitia mfumo wa NeST, na mtumishi aliyechukua masurufu hana budi kuleta risiti. Utaratibu huo ni mwema, umeziba mianya mingi. Lakini mwalimu mstaafu wa kijijini hajui pa kuanzia kujiandikisha, na hakuna aliyemwendea kumwonyesha. Utaratibu usiofundishwa hugeuka kuwa ukuta.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, maofisa biashara na maofisa utamaduni wa halmashauri wazitembelee nyumba hizi pamoja. Wasiende kudai leseni na kuondoka; wakae na wenye nyumba, wawaeleze masharti, wawasaidie kupata leseni, mashine ya risiti na uandikishaji katika NeST. Baada ya hapo semina ya watu kumi na wawili inaweza kufanyika chini ya mwembe wa kijiji bila kuvunja kanuni hata moja.

Pili, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ifikirie pia kazi ya kupokea wageni. Binti wa mwalimu na wenzake wakijiunga katika kikundi, wanaweza kupata mkopo wa kuweka tangi la maji na choo bora. Na kwa kuwa sheria ya madini, tangu marekebisho ya mwaka 2017, inayataka makampuni ya migodi yaandae kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii kwa kukubaliana na halmashauri, sehemu ndogo ya mpango huo itumike kuhifadhi maeneo ya wafua chuma na kukusanya simulizi za mwaka 1958.

Tatu, walimu. Ndugu zangu, ninyi mnaishi karibu na hazina hii kuliko mtu mwingine yeyote. Wanafunzi wa kidato cha tatu wakitumwa wakati wa likizo kila mmoja kumhoji mzee mmoja na kuandika kurasa mbili, katika mwaka mmoja shule itakuwa na kitabu. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement aliyetoka Kanada alishirikiana na wenyeji kuanzia miaka ya 1950 kukusanya ngoma, vifaa na simulizi za Wasukuma, na leo makumbusho yake hupokea wageni wa dunia nzima. Ikiwa mgeni kutoka ng'ambo aliiona thamani hiyo, sisi tuliozaliwa hapa tuna udhuru gani?

Nne, watumishi wa umma. Tukiwa safarini, tulale walau usiku mmoja katika nyumba ya mwananchi. Ofisa aliyekunywa maji ya kisima cha kijiji huandika ripoti ya maji kwa mkono mwingine kabisa.

Asubuhi ya kuondoka nilimwaga yule bibi nikamwambia, "Wabeja." Akanishika mkono, akauliza kama nimeyaandika yale aliyonieleza. Nilimjibu kwamba nimeyaandika. Akasema, "Basi rudi mapema, yako mengine."

Nilipopita darajani nililitazama lile neno "mapema" kama mtu aonavyo saa ukutani. Watu wa Geita walitembea hadi Mwanza ili wasikike. Sisi leo tuna lami, tuna daraja, tuna kalamu na posho. Ikiwa hatuwezi kusimama usiku mmoja njiani kuwasikiliza, basi daraja litakuwa limetuvusha maji, nasi tumeiacha historia yetu ng'ambo ya pili.