Faksi ikilia, mtambo wa simu unasikia nini?

Leo tuache siasa kidogo tuongelee hela zetu.

Mwaka jana shangazi yangu aliyeko Ujerumani alitakiwa awe amewasilisha nakala ya cheti cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa, na ile ofisi ikataka faksi. Msicheke, Wajerumani bado wanazo! Nikaenda duka moja pale Darajani. Mara ya kwanza ikakatika njiani. Ya pili ikafika nusu ukurasa, chini mistari mitupu. Ya tatu hata hiyo nusu haikufika. Nikalipia zote, eti "dakika zishakwenda yakhe, kampuni ya simu itajuaje kama hii faksi au mtu anaongea?"

Mimi nimemaliza kidato cha nne tu, lakini hilo nilikuwa nishalisoma. Inajua, ikitaka.

Faksi ikipiga inatoa mlio wa nusu sekunde, inanyamaza sekunde tatu, inalia tena. Mlio huo ni wa Hz 1100. Mashine ya upande wa pili inajibu kwa mluzi mrefu wa Hz 2100, na modemu zile za zamani za intaneti ya laini ya simu nazo zilijibu kwa mluzi huo huo. Mtambo wenye sikio lake ukiusikia unazima kifaa cha kuondoa mwangwi, na kama sauti ilibanwa mpaka biti 8,000 kwa sekunde, unaifungulia njia ya 64,000. Au unatumia T.38, utaratibu uliopitishwa 1998: mlio unageuzwa data, unasafiri, unatengenezwa upya kule unakokwenda. (Wenye wasiwasi: mluzi unasema tu kuna mashine, hausemi karatasi imeandikwa nini.)

GSM ilikuja na njia nyepesi zaidi. Simu yenyewe ilitaja tangu mwanzo kama ni sauti, faksi au data, na laini moja iliweza kupewa namba tatu. Data ilikwenda kwa biti 9,600 kwa sekunde, kama konokono, lakini ilifika. Kampuni nyingi duniani zilishaachana na huduma hiyo.

Sasa lile duka. Nilichungulia nyuma ya mashine nikaona waya unaingia kwenye kiboksi chenye laini ya simu ya mkononi. Kumbe! Kiboksi kinauambia mtandao "hii ni sauti", na mtandao unaibana kwa hesabu iliyotungwa kwa koo la binadamu, biti 13,000 au chini yake. Mlio wa faksi ukipita humo unatoka chapati. Kwa hiyo kijana wa duka alikuwa na nusu ya ukweli, ila kiboksi ni chake.

Na malipo yanaanza kuhesabiwa simu ikipokelewa tu, ukurasa ufike usifike. Waya wa telegrafu ulipofika Unguja mwaka 1879 watu walilipia kwa neno. Mimi nimelipia mluzi.

Kwa maoni yangu TCRA ingewalazimisha wenye viboksi hivi waandike mlangoni kwamba havipitishi faksi, na duka litoze kwa ukurasa uliofika.

Alhamisi nilipata ofisi yenye laini ya waya, ikaenda mara moja. Nyie huko Mkunazini na Michenzani mnatozwaje faksi ikifeli? Mwageni hapo chini.