Dawa ya Magugu Malishoni na Maziwa ya Mtoto

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unatoka jikoni na kwenda malishoni. Sababu yake ni barua ya mama mmoja, mke wa koplo, akaaye karibu na kambi magharibi ya Uganda. Mumewe yuko kazini mbali. Mama huyu ana ng'ombe mmoja wa maziwa, watoto wanne, na nusu eka ya nyasi za Rhodes, ambazo huzikata na kuzikausha ziwe hei ya kulisha wakati wa kiangazi. Magugu yamemchosha. Mumewe alimpelekea fedha anunue dawa ya kuzuia magugu kuota, ipigwe kabla ya mvua za Septemba. Mwenye duka alimpa chupa ambayo karatasi yake inataja mahindi tu, akamwambia, "Piga asubuhi, jioni mfungulie ng'ombe ale." Mama akasita. Akaiweka chupa juu ya kabati, akatuandikia.

Alifanya vema kusita, na leo nitamjibu pamoja na wengine wote wenye ng'ombe nyuma ya nyumba.

Kwanza yafaa kuijua dawa yenyewe. Dawa za namna hii haziui gugu lililokwisha kusimama. Hukaa katika tabaka ya juu ya udongo, na mbegu ipasukapo, mzizi wake mchanga au kichipukizi chake huigusa na kufa kabla ya kutokeza nje. Kwa hiyo huzuia magugu yanayozaliwa kwa mbegu kila msimu, kama vile kishona-nguo, mchicha wa mwituni, na lile gugu baya la parthenium, ambalo huwasha ngozi ya mtu na kuharibu ladha ya maziwa ya ng'ombe alilaye. Lakini sangari, ambayo Waganda huiita lumbugu, huota tena kutoka mashina yake yaliyo chini ya ardhi, wala haijali. Kadhalika lusenke. Atakayenunua dawa hii kwa ajili ya lumbugu ametupa fedha yake. Hiyo ni kazi ya jembe na mgongo.

Tena dawa hii yataka mvua, lakini mvua ya kiasi. Milimita 12 hadi 25, zikinyesha ndani ya siku chache baada ya kupiga, huishusha kidogo udongoni mahali mbegu zilipo. Isiponyesha, dawa hubaki juu ikiliwa na jua, na magugu huota kana kwamba hakuna kilichofanyika. Ikinyesha mvua ya radi yenye mafuriko, dawa huchukuliwa mpaka mtoni, na fedha yako huenda nayo.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa la aibu, hasa kwa mtu aliyesomea ualimu. Nilipanda mbegu za nyasi za Rhodes katika kiwanja changu, na juma lilelile nikapiga dawa ya kuzuia magugu, nikijisifu kwamba nyasi zangu zitaota peke yake bila mshindani. Nilingoja juma moja, mawili, matatu. Ardhi ilibaki tupu kama uwanja wa gwaride. Dawa haikujua ipi ni mbegu ya gugu na ipi ni mbegu niliyoinunua. Nyasi za malisho zapasa kuwa zimekwisha shika mizizi na kusimama imara ndipo dawa ya namna hii ifikiriwe, na wakati mwema ni mara baada ya kukata hei, nyasi zikiwa fupi, ili dawa ifike udongoni.

Sasa nije kwenye chupa iliyo juu ya kabati. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa si pambo. Nchini Uganda, Sheria ya Udhibiti wa Kemikali za Kilimo ya mwaka 2006 yataka dawa hizi ziandikishwe kabla ya kuuzwa, na karatasi hueleza ni kwa mmea gani, kwa kipimo gani, na siku ngapi zipite kabla ya kuvuna. Dawa iliyoandikwa mahindi imepimwa kwa mahindi, ambayo punje yake huvunwa miezi kadhaa baada ya kupigwa. Nyasi hazingoji miezi. Ng'ombe huzila majani yenyewe yaliyonyeshewa dawa, asubuhi na jioni, kisha mtoto hunywa maziwa. Ikiwa karatasi haitaji malisho wala hei, basi hakuna aliyekuhesabia siku hizo, na mwenye duka hawezi kuzibuni kwa kinywa chake.

Kwa dawa ambazo zimeruhusiwa malishoni, utakuta hesabu mbili: siku za kungoja kabla ya kuchunga, na siku za kungoja kabla ya kukata hei. Mara nyingi hazilingani. Dawa nyingine haina siku yoyote kwa kuchunga, bali ina siku nyingi kwa hei. Usichukue hesabu ya chupa ya jirani, hata kama rangi ya dawa ni moja. Na ule mstari wa rangi ulio chini ya karatasi, mwekundu, wa njano, wa buluu au wa kijani, waeleza ukali wa dawa kwa mtu anayeishika. Kijani hakimaanishi kwamba ng'ombe aweza kula leo. Ikiwa maandishi ni ya Kiingereza na hukuyasoma, mpe mwanao wa sekondari akusomee yote, si jina tu.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi, nami nakiri kwamba hapa ualimu wanirudia. Pima mraba wa mita 10 kwa 10. Tia maji matupu katika bomba la mgongoni, upige mraba huo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha tazama maji mangapi yametumika. Tuseme ni lita 2. Eka moja ina miraba kama hiyo 40 hivi, kwa hiyo yataka lita 80, yaani bomba la lita 16 mara tano. Karatasi ikisema lita moja ya dawa kwa eka, basi kila bomba hupata mililita 200. Mama mwenye nusu eka atajaza mara mbili na nusu, akomee hapo. Kuongeza kifuniko kimoja "ili ishike" ni kuongeza sumu na gharama.

Apigaye na avae viatu vya mpira, glavu, suruali na mikono mirefu, pamoja na kile karatasi inachotaja kwa uso na pumzi. Asivae magwanda ya kazini, wala asile, asivute sigara. Apige asubuhi pasipo upepo, watoto na kuku wakiwa mbali. Nguo zile zifuliwe peke yake. Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayomiminika kwa dakika 15 au zaidi. Mtu akiimeza, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali pamoja na chupa yenye karatasi yake, ili daktari ajue anapambana na nini. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yamiminwe ndani ya bomba na kupigwa shambani, kisha itobolewe. Nimeona katika nyumba za watu wenye akili zao chupa ya dawa ikitiwa mafuta ya kula. Kadhalika, usinunue dawa iliyopunguzwa katika chupa ya soda: haina karatasi, na mtoto huijua chupa hiyo kwa utamu.

Kuhusu maji, kaa mbali na kisima na kijito. Pendimethalini, mojawapo ya dawa za jamii hii, ni hatari sana kwa samaki. Atrazini hupenya mpaka maji ya chini ya ardhi, na kwa sababu hiyo Jumuiya ya Ulaya iliamua mwaka 2004 kuiondoa katika matumizi. Atrazini hiyo yaweza pia kubaki udongoni na kuyaua maharagwe ya msimu ufuatao. Akumbuke hilo anayekusudia kulima kiwanja cha nyasi apande chakula.

Nanyi mnaonunua marobota ya hei, mwulizeni muuzaji alipiga nini na lini. Huko Uingereza mwaka 2008 wenye bustani waliona nyanya, viazi na maharagwe yao yakijikunja kwa sababu ya samadi. Wanyama walikuwa wamekula nyasi zilizopigwa aminopiralidi, ambayo ni dawa ya magugu yaliyokwisha ota, nayo ikapita tumboni mwa mnyama bila kuharibika.

Basi, mama, chupa yako usiipige malishoni. Irudishe dukani ikiwa haijafunguliwa, au uitunze kwa ajili ya mahindi, si juu ya kabati bali katika sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba ya kulala. Kwa nusu eka, kwa maoni yangu, huhitaji dawa kabisa: kata nyasi mapema kabla magugu hayajatoa mbegu, ng'oa yaliyosalia ardhi ikiwa na unyevu, tena parthenium uing'oe kwa glavu, nawe mwagie samadi ili nyasi zifunge ardhi. Mwandikie Koplo kwamba fedha iliyobaki itanunua glavu na panga la kufyekea. Akibisha, mpe ukurasa huu.