Serengeti ya Sinema na Serengeti ya Ardhini

Mwanafunzi wa Kisaka anaishi katika wilaya inayopakana na hifadhi mashuhuri ya Serengeti. Walimwengu wengi wanaoitaja hifadhi hiyo hawajapata kuikanyaga. Wameijua kwa sinema. Mwaka 1959 ilitolewa filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu wanyama wa Serengeti, nayo ikatunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 1960. Mwaka 1994 ikafuata sinema ya katuni, The Lion King, yenye mandhari ya mbuga za Afrika. Humo wanyama huitwa Simba na Rafiki, lakini wenye lugha yenyewe hawaonekani kabisa. Nchi hiyo ya kubuni haina mtu hata mmoja.

Akiolojia yatoa ushahidi mwingine. Huko Loiyangalani, ndani ya hifadhi, zimechimbuliwa zana za mawe za watu walioishi makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Seronera yamepatikana mabakuli ya mawe ya wafugaji wa kale. Katika majabali ya Moru ingalipo michoro ya ngao iliyoachwa na Wamasai. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951, na Wamasai waliokuwa wakiishi humo wakahamishiwa Ngorongoro mwaka 1959. Basi ule ukiwa unaosifiwa kuwa wa tangu na tangu una umri mdogo kuliko wazee wengi wa Mugumu.

Jambo hili si la kubishania burudani. Anayeamini kwamba nchi haikuwa na watu atawaona wakazi wa kandokando yake kuwa wageni, na atatoa maoni juu ya ardhi yao kwa imani hiyo.

Je, yafaa basi kuipiga vita sanaa ya kompyuta? La, hasha. Kompyuta imekuwa mtumishi mwema wa akiolojia. Nyayo za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu, zilifukiwa tena ili zisiharibike. Mwaka 2016 Fidelis Masao na wenzake walipotangaza nyayo nyingine za mahali hapo, walikuwa wamezipiga picha nyingi na kuziunganisha kwa kompyuta, hata kina cha kila unyayo kikaweza kupimwa na mtu aliye mbali.

Tofauti iko katika uaminifu. Msanii hujaza pengo bila kumwarifu mtazamaji. Mwanasayansi hana budi kutenga kilichochimbuliwa na kilichokisiwa, ili anayetazama aweze kuhoji.

Mwalimu wa historia aweza kuutumia mfano huu darasani. Wanafunzi na waonyeshwe sinema, kisha waulizwe: watu wako wapi, nani amewaondoa, na ni ushahidi gani unaowarudisha? Waandike majina ya vilima na mito wanayoyakumbuka wazee wao, wachore ramani yake. Wakiokota kigae au jiwe lililochongwa, wasichimbe, kwa maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yataka kibali. Waandike mahali kilipo na kutoa taarifa. Ramani ya namna hiyo, hata ikichorwa kwa penseli, ina watu ndani yake.