Wakati wa epidemia, nani atajaza frigo ya damu?

Kila mara epidemia inapotangazwa huku kwetu mashariki mwa Congo, wakaaji wanasikia hesabu mbili: wagonjwa wangapi, wafu wangapi. Hesabu ya tatu haisomwi redioni: mifuko mingapi ya damu imebaki kwenye frigo ya hospitali kuu. Watu wanakufa juu ya hiyo pia.

Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikamalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3.470 waligonjwa, 2.287 kati yao walikufa. Lakini wakati huo malaria haikupumzika. Huko Beni ilipanda hata ikabidi, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja 2018, kugawa dawa za malaria kwa wakaaji, lengo likiwa kufikia watu 450.000. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuishiwa damu kwa siku chache. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kuzaa hana hata siku moja ya kungoja. Hao wawili ndio wanaohitaji damu zaidi katika hospitali zetu, na epidemia haiwaondoi kitandani.

Kisha ikaja korona. Tarehe 18 mwezi wa tatu 2020, Rais Tshisekedi alitangaza kufunga shule, vyuo vikuu na makanisa. Hatusemi alikosea. Lakini ni mahali hapo ambapo vituo vya damu vinapata vijana wanaotoa bila malipo. Na damu haiwekwi kama mchele: katika baridi ya digri 2 mpaka 6, inakaa siku 35 hivi. Zile chembe zinazosaidia damu kuganda, ambazo mgonjwa wa kansa ya damu anazihitaji sana, zinakaa siku 5 tu. Kwa hiyo shule zikifungwa wiki tano, akiba yote imekwisha.

Hapo ndipo jamaa ya mgonjwa inaambiwa: tafuteni mtu wenu. Mjomba anaogopa kuingia hospitali, dada hapati gari, na kule kwenye mlango kuna kijana anayeuza damu yake. Anayeuza ana sababu ya kuficha ugonjwa wake. Kila mfuko unapaswa kupimwa ukimwi, hepatiti B, hepatiti C na kaswende, lakini vipimo vyenyewe vinatoka mbali, na barabara zikifungwa navyo vinachelewa.

Wengi wanauliza kama kutoa damu wakati wa epidemia kunaambukiza. Sindano ni mpya, inatumiwa mara moja na kutupwa. Korona haijulikani kupita kwa damu. Ebola ni jambo lingine, kwa sababu iko ndani ya damu ya mgonjwa: mtu aliyemgusa mgonjwa na anayefuatwa siku 21 asitoe, wala mwenye homa. Basi maswali yaulizwe na joto lipimwe mlangoni, kabla ya mtu kulala kitandani. Kufunga kituo kizima juu ya woga ni kuwaacha wale watoto wa malaria.

Timu za riposti zinapofika tunaona magari, chanjo na mabango. Tunaomba wizara ya afya iandike damu ndani ya mpango huo tangu siku ya kwanza. Gari la kituo cha damu lipewe ruhusa ya kupita kwenye vizuizi. Vipimo vya miezi mitatu viwekwe mapema. Na kila kituo kiwe na daftari ya namba za simu na kundi la damu la kila mtoaji, ili watu kumi waitwe kila mmoja kwa saa yake, bila msongamano. Mwanaume anaweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Daftari ndiyo itajua zamu ya nani imefika. Kazi hiyo inaomba simu, vocha na mtu mmoja mwenye bidii.