TAHARIRI: Maduka ya Uvira yanauza vyombo vizima, lakini mtoto atajifunzia wapi kuviunda?

Kengele ya maji ni moja ya masomo ya kwanza kabisa ya elektroniki. Inahitaji transista moja, rezista moja au mbili, kengele ndogo ya betri, betri ya volti 9 na nyaya mbili zilizoachwa wazi kwenye ncha. Nyaya hizo zinawekwa mahali ambapo maji hayatakiwi kufika. Yakifika, yanaunganisha zile ncha mbili, umeme kidogo unapita na kuiamsha transista, kisha kengele inalia. Mtoto wa miaka 12 akiwa na mtu wa kumwelekeza anaweza kuiunda kwa mchana mmoja.

Katika mji wa Uvira, hilo si somo la mchezo. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020, mvua kubwa iliufanya mto Mulongwe uvunje kingo zake. Makumi ya watu walipoteza maisha na maelfu ya nyumba zikabomoka. Katika miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika nalo lilipanda na kuingia katika makao ya watu wa ufukweni. Wakaaji wa mji huu wanajua maana ya maji kufika usiku mlangoni watu wakiwa wamelala.

Lakini mzazi wa Nyamianda anayetaka kumnunulia mtoto wake vipande hivyo vitano aende duka gani?

Simu atazipata. Chaja, spika za kubeba, taa za sola, redio ndogo zenye tundu la kadi, televisheni bapa na nyaya za kila namna zipo. Transista moja, rezista kumi, ubao wa kujaribia na chuma cha kulehemu vya mtoto, hivyo ndivyo vya kutafuta kwa taabu. Na seti kamili ya kujifunzia, sanduku lenye vipande vyote pamoja na karatasi ya maelezo, ni kitu ambacho watoto wengi wa mtaa huu hawajawahi kukiona kwa macho.

Kizazi cha wazazi wao nacho hakikukua na masanduku hayo ya kifahari. Kilikuwa na fundi wa redio. Mbele yake palikuwa na makopo yaliyojaa vipande vilivyong'olewa kwenye redio zilizokufa, na kijana aliyesimama hapo kila jioni aliishia kujua rangi za rezista na thamani zake kabla hajakaa kwenye benchi la shule ya ufundi. Redio za wakati huo zilifunguka kwa bisibisi, vipande vyake vilionekana kwa macho, na kila kimoja kiling'olewa na kurudishwa peke yake. Kibanda cha fundi kilikuwa duka na darasa kwa pamoja.

Simu ya leo haifunguki hivyo. Vipande vyake vingi ni vidogo kuliko punje ya mchele, vimebandikwa juu ya ubao na mashine, na vingine havionekani vizuri bila lenzi. Kinachofanyika mara nyingi ni kubadilisha kioo kizima, betri nzima au ubao mzima. Fundi anaendelea kupata mkate wake, na hilo ni jambo jema. Ila kijana anayemtazama anajifunza kubadilisha. Kwa nini chombo kinafanya kazi, hilo halionekani tena.

Jambo hili halikuanzia Uvira. Nchini Marekani, kampuni ya Heathkit ilianza kuuza seti za kujiundia vyombo vya elektroniki mwaka 1947, na watu wakajitengenezea redio na vipima umeme mezani kwao. Mwaka 1992 iliacha biashara hiyo. RadioShack, duka lililoanzia mjini Boston mwaka 1921 na kuwa na maelfu ya matawi, liliomba kinga ya kufilisika Februari 2015, baada ya miaka mingi ya kuipa simu za mkononi nafasi ambayo zamani ilikuwa ya vipande. Nchini Uingereza, Maplin ilianguka mwaka 2018, na maduka yake zaidi ya 200 yakafungwa.

Watu wa huko walisikitika, lakini hawakubaki mikono mitupu. Duka la mtaani lilipofungwa, duka la intaneti lilikuwa limeshafunguliwa. Kifurushi cha rezista 100 kinaagizwa leo na kufikishwa mlangoni baada ya siku chache. Mwaka 2005, huko Ivrea nchini Italia, ubao wa Arduino ulianzishwa kwa ajili ya wanafunzi. Mwaka 2012, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilitoka Uingereza kwa bei ya dola 35. Mchezo wa elektroniki uliondoka kwenye rafu ukaingia kwenye bahasha.

Hapo ndipo Nyamianda inapotengana na Boston. Nyumba nyingi hapa hazina namba wala njia yenye jina ambalo mpeleka barua angeweza kulifuata. Kadi ya benki ya kulipia ng'ambo ni ya wachache. Bidhaa inafika kwa mkono wa mtu: mfanyabiashara aliyevuka Kavimvira kwenda Bujumbura, aliyepitia bandari ya Kalundu kuelekea Kigoma, au aliyefika Kariakoo, Dubai na Guangzhou. Asichokibeba mtu huyo, mji haukipati. Na njia hizo zenyewe hazina uhakika. Februari 2025, Bukavu iliangukia mikononi mwa AFC/M23. Desemba mwaka huohuo, waasi waliingia Uvira yenyewe. Katika siku kama hizo, familia inatafuta unga na mafuta kwanza, na hakuna wa kuilaumu.

Wapo wanaosema kwamba hakuna kilichopotea, kwa sababu kila somo sasa liko kwenye simu. Ni kweli kwamba video za bure zinafundisha vizuri kuliko vitabu vingi vya zamani. Lakini video inaonyesha mkono wa mtu mwingine. Mtoto anaweza kutazama mara 20 jinsi ya kulehemu na bado aunguze kipande cha kwanza atakachokigusa. Ujuzi huu unakaa vidoleni. Pasipo kipande cha kuunguza, hakuna fundi.

Wengine wanawalaumu wafanyabiashara. Hilo nalo si haki. Muuzaji ana mtaji mdogo na rafu fupi. Spika moja inauzwa leo na faida inarudi jioni. Pakiti ya transista inaweza kukaa mwaka mzima ikishika vumbi, na mteja akija anataka moja tu, ya senti chache. Bidhaa inapopita mpakani kuna forodha ya DGDA, kuna ukaguzi wa OCC, kuna TVA ya asilimia 16. Mtu anayetafuta ada ya watoto wake hawezi kuombwa alipe pia gharama ya kuwafundisha watoto wa mtaa mzima.

Hata hivyo, hasara inaonekana. Uvira inaishi kwa vyombo vya elektroniki kuliko wakati wowote uliopita. Umeme wa SNEL ukikatika, nyumba zinategemea paneli ya jua, betri na kidhibiti chake. Redio za mji zinategemea mitambo ya kurushia sauti. Hospitali zina mashine za kupima na za kuhifadhi dawa kwa baridi. Kila kimoja siku moja kitaharibika. Mara nyingi kilichokufa ni kipande kimoja cha bei ya pipi, lakini chombo kizima kinatupwa, kwa sababu aliyekijua kipande hicho hayupo, au yupo na kipande hakipo.

Na hapa kuna jambo linalouma zaidi kwa Mkongomani. Madini ya koltani yanayochimbwa katika Kivu, kuanzia Rubaya huko Masisi hadi machimbo ya Kivu Kusini, ndiyo yanayotoa tantalamu. Tantalamu ndiyo inayotengenezea kapasita ndogo zinazowekwa ndani ya simu na kompyuta duniani kote. Udongo unatoka hapa kwa magunia na kurudi umefichwa ndani ya simu iliyofungwa kwa gundi. Mtoto wa Nyamianda anaweza kumaliza masomo ya sekondari bila kushika kapasita hata moja mkononi, ingawa anaishi katika jimbo linalozilisha.

Je, vipande hivi vidogo vinazaa nini? Jibu moja liko upande wa kusini. William Kamkwamba wa Malawi aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002. Alikuwa na mazoea ya kufungua redio na kuzitengeneza, na maktaba ndogo ya kijiji ilimpa kitabu cha masomo ya nishati. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na vyuma chakavu akajenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Jibu lingine liko hapahapa Kongo. Mwaka 2013, mhandisi Thérèse Izay na wenzake walisimamisha jijini Kinshasa roboti za kuongoza magari barabarani, zinazotumia nguvu ya jua. Watu hawa hawakuanza na kiwanda. Walianza na vipande, na ruhusa ya kujaribu.

Ruhusa hiyo na vipande hivyo vinaweza kurudi Uvira bila kusubiri mradi mkubwa kutoka nje.

Kwanza, shule za ufundi. Mfanyabiashara anaogopa bidhaa inayokaa. Akijua mapema kwamba shule tatu zinahitaji seti 60 kabla ya Septemba, hofu hiyo inaisha. Shule zikae pamoja, ziandike orodha moja, ziwape wauzaji wawili au watatu wanaosafiri, na zitangulize sehemu ya malipo. Vipande vya darasa zima vinaingia kwenye mfuko mmoja wa kubebwa begani. Ni mzigo mwepesi kuliko katoni ya spika.

Pili, mafundi. Kila kibanda cha matengenezo kina rundo la mbao za televisheni na redio zilizokufa. Ndani yake zimo rezista, kapasita, transista na taa ndogo zinazofanya kazi bado. Badala ya kuzichoma au kuzitupa mtoni, mafundi wanaweza kuziuza kwa kilo kwa shule, au kuwaachia wanafunzi wazing'oe chini ya uangalizi. Uangalizi ni lazima: kapasita kubwa ya televisheni inaweza kumpiga mtu umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani, na moshi wa plastiki na risasi ni sumu. Fundi anayejua hatari hiyo ni mwalimu tayari, na anastahili kulipwa kama mwalimu.

Tatu, serikali. Tangu mwaka 2019 taifa limetangaza shule ya msingi bila malipo. Hatua hiyo inaleta watoto wengi zaidi kwenye milango ya sekondari, na wengi wao watahitaji kazi ya mikono yao. Vipande vya kujifunzia vinavyoagizwa na shule havipaswi kutazamwa mpakani kama bidhaa ya anasa. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwalimu anayerudi kutoka Bujumbura au Kigoma na mfuko wa rezista angepaswa kuhisi uanachama huo pale Kavimvira na Kalundu.

Nne, na pengine kubwa kuliko yote, ni nyumbani. Katika nyumba nyingi, mtoto aliyefungua redio ya baba anapigwa kama mwizi. Akiwa msichana, anaambiwa pia kwamba hiyo si kazi yake. Redio ya familia ina thamani, na mzazi ana haki ya kukasirika. Lakini ile iliyokwisha kufa, inayokaa juu ya kabati miaka mitatu, haimsaidii mtu. Mtoto apewe hiyo na bisibisi. Bei yake ni sifuri, na ndiyo seti ya kujifunzia iliyo karibu zaidi kwa leo.

Hakuna anayedai kwamba kengele ya betri itauzuia mto Mulongwe. Miji inalindwa kwa kingo imara, mifereji iliyozibuliwa na miti iliyoachwa isimame milimani. Lakini mji unaotegemea wengine hata kwa kengele yake ndogo utategemea wengine kwa pampu, kwa mitambo ya redio na kwa taa za hospitali.

Mwaka wa masomo unaanza Septemba, wakati mvua nazo zinakaribia kurudi. Muda wa kuandika orodha ile upo. Vipande vitano, nyaya mbili, glasi ya maji juu ya meza ya darasa: kengele ikilia kwa mara ya kwanza, watoto wa Nyamianda watacheka. Na mmoja wao atauliza kwa nini imelia. Hilo swali ndilo ambalo maduka ya Uvira hayauzi tena.