Ushuhuda wa mhami si wa kukatwa kwa herufi 255

Mama mmoja mhami hapa Ituri alieleza karibu nusu saa: kijiji chake, usiku wa shambulio, njia waliyopita. Karani aliandika yote. Juma lililopita mama alioneshwa karatasi iliyotoka kwenye ordinatere. Inaishia hapa: "tulivuka mto, watoto wawili wali". Basi. Walifika? Walipotea? Karatasi haisemi, na bila neno hilo nani atawatafuta?

Wakubwa wanajibu: "Ni kosa la mashine." Hapana! Mashine ilifanya kama ilivyoagizwa. Fundi alipofungua alikuta nafasi ya ushuhuda imepimwa herufi 255, kipimo cha majina na anwani. MySQL, programu inayotunza data hizo, isipowekwa katika hali kali hukata kinachozidi na kuendelea. Hutoa onyo tu, ambalo karani haoni. Katika programu hiyohiyo kuna aina inayoitwa TEXT, inayobeba herufi zaidi ya 65,000 za Kiswahili, tena bila kulipa franga moja.

Tunadai mambo matatu. Nafasi ipanuliwe. Hali kali iwashwe, ili mashine ikatae waziwazi badala ya kukata kimya. Na kila mhami asomewe maneno yake kutoka kwenye ordinatere, kabla hajaondoka mezani.

Lakini kupanua nafasi hakurudishi yaliyokwisha kukatwa. Kwa hiyo wakubwa, rudini kambini mkaulize upya, kwa heshima. Mama bado anangoja watoto wake wawili.