Mama, hiyo video ya anga mwache aimalize

1/8
Mama zangu na dada zangu wa Kaniha, Biharamulo, Ngara na popote mnaponisoma, leo siongelei uji wa lishe wala chanjo. Leo nina ugomvi, na wa kwanza kugombezwa ni mimi mwenyewe.

Juzi kliniki, kwenye benchi, alikuwepo mama na mtoto mchanga mgongoni, pembeni yake kijana wake wa darasa la tano. Kijana kashika simu ya mama, anaangalia video iliyopigwa na wanaanga kutoka kwenye kituo chao huko juu. Dunia inapita chini, ni usiku, na mawinguni radi zinamulika kama mtu anawasha na kuzima tochi. Akauliza: "Mama, kumbe radi zinaonekana mpaka kule?" Mama akamnyang'anya simu. "Mambo ya mwezini yatakusaidia nini wewe? Unanimalizia bando." Halafu akamwekea mchanga katuni ili anyamaze nimpime uzito.

Benchi zima lilicheka. Na mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani kicheko kikanirudia vibaya, maana yule mtoto ndo aliyeuliza swali la maana kuliko yote siku ile.

2/8
Mnaikumbuka Januari 2025. Tarehe 20 Rais Samia alitangaza kwamba Marburg imethibitishwa hapa hapa wilayani Biharamulo. Tukaambiwa, na sisi wauguzi tukawaambia: usimguse mgonjwa, usiguse maiti, nawa mikono, toa taarifa. Mkatusikiliza, na tarehe 13 Machi ugonjwa ukatangazwa kuisha. Elimu ilifanya kazi.

Sasa rudini wiki moja baada ya lile tangazo. Tarehe 27 Januari, kwa jirani zetu wa Bukombe mkoani Geita, radi iliwapiga wanafunzi wa Sekondari ya Businda. Saba wakafariki, makumi wakajeruhiwa. Watoto walioondoka asubuhi na madaftari yao. Na haikuwa mara ya kwanza: Oktoba 2018, Geita hiyo hiyo, radi iliua wanafunzi wa shule ya msingi.

Marburg unakuja na kuondoka. Radi ipo kila masika na kila vuli. Niambieni: ni mabango mangapi ya radi mmewahi kuyaona ukutani, hata kwenye zahanati zetu?

3/8
Hapa ndo penye shida. Kwa mgonjwa wa Marburg ujumbe ni USIMGUSE. Kwa aliyepigwa radi ni kinyume kabisa: MGUSE, tena haraka. Mwili wake haubaki na umeme. Hawezi kukurusha wala kukuunguza.

Lakini sisi wote tunajua kinachotokea. Watu wanasimama mbali. Mmoja anasema ana moto mwilini, mwingine anasema ni radi ya kutumwa, aitwe kwanza mtaalamu. Dakika zinakwenda. Na anayekufa kwa radi, mara nyingi hafi kwa kuungua, anakufa kwa sababu moyo na pumzi vimesimama. Huyo anahitaji mikono yako katikati ya kifua chake, unakandamiza kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, pamoja na pumzi ya mdomo kwa mdomo kama unaijua, huku mwingine anatafuta usafiri.

Na jambo moja wengi hawalijui: wakianguka wengi, anza na aliyenyamaza kimya, asiyepumua. Anayelia na kugugumia ana nafasi kubwa ya kupona, anaweza kusubiri. Aliyenyamaza hana muda.

4/8
"Nesi, kama haikutumwa, mbona ilichukua wengi darasa moja?"

Swali zuri, nalijibu bila kumdharau mtu. Radi ni umeme unaojikusanya ndani ya wingu mpaka wingu linashindwa kuubeba. Joto la njia yake hufika kama nyuzi 30,000, mara tano ya uso wa jua. Ukipiga mti, paa au ardhi haukai pale pale, unasambaa ardhini na sakafuni na kupanda kwenye miguu ya kila aliye karibu. Ndiyo maana watoto huanguka kwa mpigo, na ng'ombe pia wakikusanyika chini ya mti mmoja. Hakuna mtu aliyeandika majina yao.

Mnaona madhara ya kuamini kwamba radi inatumwa? Ukiamini hivyo utamtafuta mbaya wako, utagombana na bibi kizee wa jirani, na mvua ijayo mwanao atajikinga chini ya mwembe ule ule.

Mfundishe kuhesabu. Akiona mwanga ahesabu sekunde mpaka asikie ngurumo, agawanye kwa tatu: hizo ndizo kilomita. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, mwanga unafika papo hapo. Akihesabu chini ya 30, awe ameshaingia ndani ya jengo imara au gari lililofungwa lenye bati juu. Si chini ya mti, si barazani, si mtoni, si shambani na jembe begani. Akiwa ndani asiegemee ukuta wala kushika simu iliyo kwenye chaji. Atoke nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Hii ni hesabu ya kugawanya tu, darasa la tano analiweza.

5/8
"Sawa, radi tumekuelewa. Anga inaingiaje?"

Inaingia hivi. Mwaka 1997 Marekani na Japani walirusha setilaiti inaitwa TRMM kupima mvua za nchi za joto kama yetu. Ilibeba kifaa cha kuhesabu mimweko ya radi, na ilifanya kazi hadi 2015. Kwa hesabu zake tunajua kwamba Kabare, Kivu Kusini, ng'ambo tu ya Rwanda, ni ya pili duniani kwa wingi wa radi. Kumbe tunaishi jirani na moja ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na aliyetuambia ni chombo cha angani. Hata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa mnaousikiliza redioni kabla ya kupanda mahindi unatumia picha za setilaiti.

Mnasema anga ni mbali. Kile kituo cha wanaanga kiko kama kilomita 400 tu juu. Kutoka Kaniha hata Dodoma ni mbali kuliko hapo! Kinaizunguka dunia kila dakika 90 hivi, na kuna jioni na alfajiri kinapita juu yetu kama nyota kubwa inayotembea bila kupepesa. Hakimalizi bando.

Na msiseme ni mambo ya wazungu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota. Jina lake? UHURU. Neno letu lilishafika huko juu zaidi ya miaka 50 iliyopita. Sisi ndo bado tunamwambia mtoto "yatakusaidia nini".

6/8
Kuna wanaosema video za mitandaoni ni uongo mtupu. Kwa sehemu ni kweli, na ndo sababu ya kukaa na mtoto badala ya kumnyang'anya.

Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, jua lilipatwa, watu wakafurika Rujewa, Mbeya kulitazama. Tarehe 10 Septemba tetemeko la 5.9 likapiga mkoa wetu wa Kagera, watu zaidi ya 15 wakafa, nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupasuka, sekondari za Ihungo na Nyakato zikajengwa upya. Mpaka leo nasikia mtu akiunganisha hayo mawili. Jua kupatwa ni kivuli cha mwezi, hakuna zaidi. Tetemeko linatoka chini, kwenye miamba ya ukanda wa bonde la ufa unaonyooka polepole. Ukitumiwa video inayotaja siku na saa ya tetemeko lijalo, ifute. Hakuna mtu duniani anayeweza kuitabiri. Video ya kweli inakueleza tumejuaje. Ya uongo inakutisha, halafu inakuambia watumie watu kumi.

Na wekeni kumbukumbu: 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena, na kwetu litaonekana kwa sehemu. Miwani ya kawaida au filamu ya eksirei mliyopewa hospitali HAZIKINGI macho. Jua huunguza ndani ya jicho bila maumivu, mtoto anakuja kugundua baadaye kwamba haoni vizuri. Mfundisheni mapema.

7/8
Sasa nawageukia wanaotengeneza na kusambaza hizo video.

Nenda kibanda umiza chochote. Filamu ya Kihindi, ya Kichina, ya Kikorea, zote zimeingizwa sauti ya Kiswahili, mtoto anajua kila jambazi kasema nini. Video ya radi je? Ya tetemeko? Kiingereza kitupu. Mtoto anasoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, halafu tunashangaa anapoishia kutazama rangi. Msiniambie haiwezekani. Ubongo Kids wanafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwenye televisheni tangu 2014, na watoto wanawaimba. Kama tunaweza kutafsiri risasi, tunaweza kutafsiri ngurumo.

Walimu, pakueni moja mkipata mtandao, wekeni kwenye memori kadi, waonyesheni watoto hamsini kwa simu moja. Msingoje kompyuta ziletwe.

8/8
Najua mtanirudia: "Nesi, si wewe unayetukataza simu kliniki?" Ndiyo, na sijabadilika. Chini ya miaka miwili, hapana, hata katuni. Miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ndo bora. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Sasa tazameni tulichofanya pale benchini: mchanga asiyetakiwa kupewa simu kapewa, kaka mtu mwenye swali kanyang'anywa. Tuligeuza dawa.

Ninaloomba ni dogo. Video moja kwa wiki, dakika kumi, ukiwa umekaa naye. Ikiisha, tokeni nje muangalie lile wingu. Akiuliza usilolijua, mwambie "sijui, tumuulize mwalimu". Haikupunguzii umama.

Yule kijana mdogo wake ana kliniki mwezi ujao. Akija naye nitamwita mbele ya benchi lile lile nimjibu: ndiyo mwanangu, zinaonekana mpaka kule. Halafu nitamwomba atufundishe wote kuhesabu sekunde.

Itumeni kwenye grupu la wazazi kabla mvua hazijaanza.